Mtoto Amepimwa. Je, Mama Ameulizwa Hali?

SOMO LA AFYA

Mara nyingi katika ukurasa huu tumejifunza juu ya malaria, maji safi na chakula cha mtoto. Leo tutajifunza juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwa macho. Mizani haiupimi, wala kipimo cha homa hakiuonyeshi. Ni ugonjwa wa huzuni kubwa unaowapata akina mama wakati wa mimba au baada ya kujifungua. Wataalamu wanauita sonona.

Ugonjwa huu una tiba. Lakini akina mama wengi hawaipati tiba hiyo. Sababu moja kubwa ni kwamba hakuna mtu anayewauliza hali zao. Hata mimi sikuuliza. Nitaanza na kisa hicho. Mama mwenyewe ameniruhusu nikiandike bila kumtaja jina.

KISA CHA MAMA MMOJA

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijijini. Nilipopata cheti changu nilipelekwa kwenye zahanati yenye watumishi watatu tu. Siku ya kliniki akina mama hujaa. Mizani tunaitundika kwenye tawi la mwembe. Mtoto anapimwa, kadi inaandikwa, anaitwa mwingine.

Mama mmoja alikuwa akija na mtoto wake wa kwanza. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 3.9. Mwezi wa pili kilo 4.4. Mwezi wa tatu kilo 4.5. Mwezi wa nne alirudi kwenye kilo 4.4. Mstari kwenye kadi ulikuwa umelala, na sasa umeanza kushuka.

Nilikasirika. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, kwa nini humnyonyeshi mtoto? Hawa wote wanaweza. Wewe una nini?"

Hakujibu. Alitazama chini, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Wanawake waliobaki walianza kunong'ona. Mmoja alisema mtoto amebemendwa.

Mwezi wa tano mama huyo hakuja. Muuguzi mkunga wa zahanati yetu, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, aliniita kando. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto ulimpima. Mama yake ulimwuliza hali?"

Sikuwa na jibu. Alasiri ile tulikwenda kwake kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu.

Tulimkuta ndani, mlango umefungwa mchana. Mtoto alikuwa akilia kitandani. Muuguzi alimbeba mtoto, akakaa mkekani karibu na mama. Mimi aliniambia nibaki uani nizungumze na mume. Waliyozungumza alinieleza baadaye, kwa ruhusa ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto nimemwona. Sasa nieleze habari zako wewe. Unalala?"

"Silali, mama. Mtoto akilala mimi nakaa macho mpaka jogoo wanawika."

"Na chakula?"

"Hakipiti."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipofikisha wiki tatu. Nilidhani ni uchovu tu. Mama, mimi ni mzazi mbaya. Namtazama mtoto, sioni furaha yoyote. Siku nyingine nafikiri ni afadhali nife, mtoto alelewe na bibi yake."

Muuguzi alimwacha alie. Kisha akamwambia, "Wewe si mzazi mbaya. Wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako unatibika."

Ndugu msomaji, mama huyo alikuwa amefika mbele yangu mara nne. Kila mara niliuliza habari za mtoto tu. Mtoto alikuwa anakonda kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, nami nilimgombeza mgonjwa mbele ya watu.

HALI TATU ZA KUTOFAUTISHA

Baada ya kujifungua kuna hali tatu zinazohusu moyo na akili ya mama. Yafaa tuzijue zote tatu, kwa maana msaada wake si mmoja.

1. Majonzi ya siku za mwanzo. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, mama wengi hulia bila sababu. Wanaudhika upesi. Mwili wao umebadilika ghafla, na usingizi ni mdogo. Hali hii si ugonjwa. Mama anahitaji kupumzika, kula vizuri na kupewa maneno mema. Huisha yenyewe kabla ya wiki mbili kupita.

2. Sonona. Hii ni huzuni isiyoondoka. Inapita wiki mbili, inapita mwezi, na isipotibiwa inaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Inaweza kuanza wakati wa mimba. Inaweza pia kuanza wiki au miezi kadhaa baada ya kujifungua. Huu ni ugonjwa na unahitaji tiba.

3. Kichaa cha uzazi. Hiki hutokea mara chache, kwa mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Mara nyingi huanza ghafla katika wiki mbili za kwanza. Mama halali kabisa. Anasema maneno yasiyoeleweka, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini mambo yasiyokuwapo. Hii ni hatari kubwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, sonona huwapata wangapi? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, kama wajawazito 16 katika kila 100 huwa na ugonjwa wa akili, na hasa sonona. Baada ya kujifungua ni kama akina mama 20 katika kila 100. Maana yake ni mama mmoja katika kila watano. Ukiwatazama akina mama kumi wanaosubiri chini ya mwembe, yaelekea wawili kati yao ni wagonjwa na wamenyamaza.

DALILI ZA SONONA

Mama mwenye sonona anaweza kuwa na dalili hizi:

- Ana huzuni karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi.
- Hafurahii tena mambo aliyokuwa akiyafurahia, kama kuimba kwaya, kwenda sokoni au kuzungumza na wenzake.
- Hapati usingizi hata mtoto anapolala. Au analala mno.
- Hana hamu ya kula. Anakonda.
- Amechoka kila wakati, hata asipofanya kazi.
- Ana wasiwasi mwingi. Moyo unamwenda mbio.
- Anajilaumu na kujiona hafai.
- Anamwona mtoto kama mzigo, au kama si wake.
- Anajitenga na watu.
- Anawaza kufa, au kujidhuru.

Wengine hawasemi kwamba wana huzuni. Wanasema kichwa kinauma, mgongo unauma, mwili unawaka moto. Wanakuja zahanati mara kwa mara wakipewa dawa za maumivu, lakini hawaponi.

Jambo moja tuliangalie. Uchovu unaweza kuletwa pia na upungufu wa damu, malaria au ugonjwa mwingine wa mwili. Kwa hiyo mama apimwe na mwili vilevile. Yule mama wa kisa chetu alikuwa na upungufu wa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Lakini damu peke yake haikuwa jibu.

UGONJWA HUU HULETWA NA NINI?

Hauletwi na jambo moja. Mwili wa mama hubadilika sana wakati wa mimba na uzazi. Mama aliyewahi kuugua sonona zamani yumo katika hatari zaidi. Vivyo hivyo mama ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kuugua.

Maisha nayo yana sehemu yake. Mama anayepigwa na mume. Mama aliyefiwa na mtoto. Msichana aliyepata mimba bila kutaka, akafukuzwa nyumbani. Mama asiye na chakula, au asiye na mtu wa kumsaidia kazi. Hawa wote huugua kwa urahisi zaidi. Lakini hata mama mwenye mume mwema na nyumba nzuri anaweza kuugua, kama vile mtu mwenye chandarua anavyoweza kupata malaria.

Vijijini tuna maelezo mengine. Mtoto akikonda, watu husema wazazi wamembemenda kwa kukutana kimwili kabla ya wakati, au kwa kutoka nje ya ndoa. Mama akichanganyikiwa, watu husema amerogwa, au alizini akiwa na mimba.

Mawazo ya namna hii hayapo kwetu tu. Huko Uganda, Waganda wana ugonjwa wanaouita amakiro. Mama aliyejifungua huchanganyikiwa akili, na wengi waliamini kuwa uliletwa na uzinzi wakati wa mimba. Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda katika miaka ya 1970 akauandika ugonjwa huo. Aliona kwamba sonona na kichaa cha uzazi huwapata akina mama wa Afrika pia. Baadaye, mwaka 1987, yeye na wenzake huko Scotland walitoa orodha ya maswali 10 ya kumwuliza mama aliyejifungua. Maswali hayo yanatumika hadi leo katika nchi nyingi.

Tazama madhara ya kumsingizia mama uzinzi. Mama anaona aibu, anaficha ugonjwa. Mume anakasirika badala ya kusaidia. Mtoto anazidi kukonda. Mtoto aliyekonda hakubemendwa. Apimwe mtoto, na mama yake aulizwe hali.

MTOTO NAYE HUUMIA

Mtoto mchanga anamtegemea mama kwa kila kitu. Mama mgonjwa hana nguvu za kunyonyesha mara kwa mara. Hacheki na mtoto, hazungumzi naye. Anasahau siku ya chanjo. Mtoto hupungua uzito, huharisha mara nyingi, na huchelewa kujifunza kuzungumza na kucheza. Kumtibu mama ni kumtibu mtoto pia.

MASWALI MAWILI YA KUULIZA

Huhitaji mashine kuutambua ugonjwa huu. Anza na maswali mawili:

Swali la kwanza: "Katika mwezi uliopita, je, umesumbuliwa mara nyingi na huzuni au kukata tamaa?"

Swali la pili: "Katika mwezi uliopita, je, umekosa hamu au furaha katika mambo unayoyafanya?"

Mama akijibu "ndiyo" hata kwa swali moja, haina maana kwamba hakika ana sonona. Maana yake ni kwamba aulizwe zaidi na apimwe na mtumishi wa afya.

Liko na swali la tatu. Wengi wetu tunaogopa kuliuliza: "Je, umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Watu hudhani kumwuliza mtu hivyo ni kumfundisha. Si kweli. Mwenye mawazo hayo mara nyingi hupata nafuu anapopata wa kumweleza. Uliza kwa upole, kisha usikilize.

Je, tuulize lini? Tuna nafasi nyingi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mtumishi wa afya mara 8 kabla ya kujifungua. Baada ya kujifungua mama na mtoto waonwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Mwaka 2022 shirika hilo lilishauri pia kwamba akina mama waliojifungua wachunguzwe kama wana sonona au wasiwasi mkubwa. Halafu kuna siku za chanjo na za mizani. Mama anakuja mwenyewe kwa miguu yake. Hatuna haja ya kumtafuta mbali.

Tunapouliza tufuate kanuni tatu. Kwanza, tumwulize akiwa peke yake, wala si kwenye foleni, wala si mbele ya mume au mama mkwe. Pili, tutunze siri yake. Tatu, tusimgombeze.

TIBA IPO

Wengi wakisikia "ugonjwa wa akili" wanafikiri mara moja habari za Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927. Wanaogopa mama atafungiwa huko na kuachishwa mtoto wake. Hospitali kama ile ina kazi yake kwa wagonjwa wenye hali nzito. Lakini mama wengi wenye sonona hutibiwa wakiwa nyumbani kwao, huku wakinyonyesha.

Tiba ni za namna tatu.

Ya kwanza ni mazungumzo. Si mahubiri wala maonyo. Mtu aliyefundishwa humsikiliza mama kila wiki, humsaidia kuyapima mawazo yake, na kuchagua jambo moja dogo la kufanya mpaka watakapoonana tena.

Huko Pakistan jambo hili lilijaribiwa katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wahudumu wa afya wa vijijini. Walifundishwa siku chache, kisha wakasimamiwa kila mwezi. Kila mama mgonjwa alitembelewa nyumbani mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofikisha miezi 6, katika vijiji vilivyopata mazungumzo hayo mama 23 katika kila 100 walikuwa bado na sonona. Katika vijiji vingine walikuwa 53 katika kila 100. Watoto wa akina mama waliotembelewa waliharisha mara chache zaidi, na wengi zaidi walimaliza chanjo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundishia kazi hiyo ili nchi nyingine zikitumie.

Zimbabwe nao wana mfano wao. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na mabibi 14. Mabibi hao walikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakazungumza na watu wenye mawazo mengi, wanaume kwa wanawake. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 uchunguzi ulionyesha kwamba waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kuliko wagonjwa waliopata huduma ya kawaida tu. Na sisi vijijini mwetu mabibi tunao. Lakini tukumbuke kwamba wale walifundishwa kwanza, na walikuwa na wataalamu wa kuwauliza walipokwama.

Tiba ya pili ni kupunguziwa kazi. Mama mgonjwa hawezi kuchota maji, kutwanga, kulima na kukesha na mtoto siku hiyo hiyo. Akipata usingizi wa saa chache mfululizo, nusu ya njia imekwisha.

Tiba ya tatu ni dawa. Ziko dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Dawa hutolewa na mganga aliyempima, si kununuliwa dukani kwa kusikia habari. Hazifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki mbili mpaka nne kabla ya nafuu kuonekana vizuri. Mama asiache dawa anapoanza kupata nafuu mpaka aambiwe.

Mwanamke anayetumia dawa za akili tangu zamani akipata mimba asiziache ghafla. Aende kliniki mapema. Dawa nyingine zinafaa kuendelea nazo, na nyingine hubadilishwa ili kumlinda mtoto aliye tumboni.

VIZUIZI, NA NAMNA YA KUVIONDOA

Kwa nini akina mama hawaifikii tiba? Niliwauliza akina mama katika kijiji chetu. Haya ndiyo waliyonijibu.

"Mnatufokea." Neno hilo lilinigusa. Sisi watumishi tuwe wa kwanza kujirekebisha. Mama akifokewa leo, kesho harudi. Siku hizi siku ya kliniki muuguzi wetu anakaa na mama mmoja mmoja katika chumba cha nyuma, dakika chache tu. Mama asiye na tatizo humaliza haraka. Mwenye tatizo tunampangia siku nyingine isiyo na foleni.

"Hakuna nafasi ya siri." Zahanati yenye chumba kimoja inaweza kutumia kivuli cha mti kilicho mbali na foleni, au kutundika khanga mbili ziwe pazia.

"Hatuna nauli." Hospitali ya wilaya iko mbali. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga fungu dogo kwa safari za wazazi wagonjwa. Kamati ya afya ya kijiji ijue ni nani mwenye pikipiki au baiskeli ya kuaminika.

"Mume hakuniruhusu." Mume aelezwe kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine. Mama akivuja damu hakuna mume anayengoja. Sonona nayo inaweza kuua.

"Mama mkwe alisema nimedeka." Mama wakwe wengi walizaa wakati ambapo ugonjwa huu haukutajwa. Huenda wao wenyewe waliugua wakanyamaza. Wakifundishwa, hao ndio wasaidizi wakubwa nyumbani.

"Tulikwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji." Wengi huanza huko au kwa viongozi wa dini. Hatuwakatazi kusali wala kutafuta faraja. Tunaomba tu wasimfunge mama kamba, wasimfungishe kula, na wasimcheleweshe. Kiongozi wa dini anayemwombea mama, kisha akamwambia aende zahanati, amesaidia sana.

Ndugu wasomaji, kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee wa kijiji chetu wanaikumbuka. Tukae tena katika vikundi tujadili jambo hili.

KAZI YA KILA MMOJA

Baba: Muulize mkeo, "Unajisikiaje?" kisha nyamaza usikilize. Mbebe mtoto usiku mke apate kulala. Chota maji. Fuatana naye kliniki. Usimpige. Kupigwa ni chanzo kimoja cha ugonjwa huu.

Mama mkwe na wifi: Msaidieni kazi hata baada ya siku 40. Arobaini ikiisha wengi humwacha mzazi peke yake, na sonona huweza kuanza baada ya hapo.

Jirani: Ukiona mlango wa mzazi umefungwa mchana siku nyingi, piga hodi. Peleka uji. Usipeleke umbea.

Mhudumu wa afya ya jamii: Unapotembelea nyumba yenye mimba au mtoto mchanga, uliza yale maswali mawili. Ukipata jibu la "ndiyo", mfikishe mama zahanati.

Serikali ya kijiji: Ombeni wilayani wahudumu wenu wafundishwe, na dawa zisikosekane.

Mama mwenyewe: Ikiwa dalili tulizotaja unazo, mweleze mtu mmoja unayemwamini leo. Kisha nenda zahanati, hata kama siku ya kliniki bado. Ugonjwa huu si kosa lako.

HATARI: USINGOJE KESHO

Mpelekeni mama hospitali siku hiyo hiyo ikiwa:

- Anasema anataka kufa, au amejaribu kujidhuru.
- Anasema atamdhuru mtoto.
- Anasikia sauti au anaona mambo yasiyokuwapo.
- Halali kabisa usiku na mchana, anazunguka au anasema ovyo.
- Amechanganyikiwa huku ana homa au degedege, au kichwa kinamwuma sana. Huenda ni malaria kali, au uchafu umeingia kwenye kizazi, au ni kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua.

Mpaka afike hospitali, asiachwe peke yake hata kidogo. Wekeni mbali sumu za shambani, dawa na visu. Mtoto ashikwe na mtu mwingine, lakini awe karibu. Semeni naye kwa upole.

MAMA YULE LEO

Usiku ule mama wa kisa chetu hakuachwa peke yake. Mama mkwe alilala naye chumba kimoja. Mume aliuza kuku wawili, na asubuhi wakaondoka kwenda hospitali ya wilaya. Daktari alimpima, akampa dawa na kumweleza namna ya kuzitumia. Muuguzi wetu alimtembelea kila wiki. Mume alichukua kazi ya kuchota maji. Wenzake walimcheka kisimani, naye akaendelea kuchota.

Wiki ya kwanza hatukuona mabadiliko. Wiki ya tatu mama alianza kulala. Wiki ya sita alikuja kliniki mwenyewe. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomgombeza mbele yao. Alicheka kidogo, akasema, "Mpime mtoto, bwana mganga." Mtoto alikuwa na kilo 5.3. Mwezi wa tisa alikuwa na kilo 7.

Sasa katika zahanati yetu, mtoto akishashuka kwenye mizani, tunamgeukia mama na kumwuliza, "Na wewe je, mama, hujambo?" Akijibu "sijambo" upesi upesi, tunamwuliza mara ya pili.

MANENO MAPYA

Sonona: ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoondoka.
Dalili: jambo linaloonyesha kwamba mtu ana ugonjwa.
Kizuizi: jambo linalomzuia mtu asifike anakotaka.
Kichaa cha uzazi: kuchanganyikiwa akili ghafla baada ya kujifungua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mganga alikosa nini alipompima mtoto? Muuguzi alifanya nini tofauti?
2. Majonzi ya siku za mwanzo na sonona vinatofautianaje?
3. Taja dalili tano za sonona.
4. Katika kijiji chenu watu husema nini mtoto akikonda? Maneno hayo humsaidia mama, au humwumiza?
5. Mama akichanganyikiwa usiku wa leo, mtampelekaje hospitali? Nani ana chombo cha usafiri? Nauli itatoka wapi?
6. Kila mwanakikundi ataje mzazi mmoja au mjamzito mmoja jirani yake. Wiki hii mtembelee, umwulize hali yake. Atakayokueleza ni siri yake. Usiyalete kwenye kikundi.